Wanaolala Wakimsikiliza Fundi

Mke wa fundi makochi alipokwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua pacha, alibeba mkoba mmoja tu na kuacha chakula cha siku mbili tatu kwenye friji. Hapakuwa na ugomvi. Alisema anakwenda mpaka watoto waanze kukaa. Watoto wakakaa, wakatambaa, wakaota meno, wakaanza kujibizana na wakubwa, na bibi yao bado yuko huko, mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti alikuwa amerudi kazini. Mkwe alikuwa dereva wa malori, nyumbani anapita kama mgeni. Wasaidizi wa kazi walikuja wakaondoka. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi. Angekuwa na mtu wa kumlaumu, walau jioni angepata la kufanya.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Miaka yote alikuwa akifanya kazi huku mlango wa kati uko wazi, mkewe yuko ndani na shughuli zake, naye anamsimulia kila kochi analolifungua. Mke alipoondoka, mlango ukabaki wazi na fundi akaendelea kusimulia. Hakuamua kufanya hivyo. Mdomo ulishazoea kwenda pamoja na mikono.

Jumamosi moja mpwa wake, binti wa dada yake, karani katika kampuni ya bima, alileta kiti cha ofisini kibadilishwe sponji. Akasimama mlangoni kwanza, akasikiliza.

"Mjomba, unaongea na nani?"

"Na hili kochi."

"Linajibu?"

"Lingejibu ningekuwa tajiri. Pita ndani."

Kochi lilikuwa limevuliwa kitambaa chote. Upande mmoja sponji lilikuwa limelala mpaka kwenye mbao, katikati lingali jipya. Fundi akamwonyesha kwa ncha ya koleo.

"Huyu alikuwa anakaa peke yake, upande wa dirisha. Mguu mmoja anaukunja, ona shimo lilivyokaa mshazari. Hapa katikati hajawahi kukaa mtu. Mgeni wake, kama alikuwa naye, alipewa kiti cha plastiki."

 Mpwa alikuwa amekwishatoa simu, anarekodi.

Ndivyo ilivyoanza. Mpwa alimweleza kwamba hiyo ni podikasti, yaani redio ya mtu mmoja: unasema, unaweka mtandaoni, mwenye nafasi anasikiliza. Wakaweka kwanza kwenye mtandao wa sauti tupu. Hakusikiliza mtu isipokuwa mpwa mwenyewe, naye alikiri alikuwa akirusha rusha mbele.

"Watu wetu wako kwenye video, mjomba. Huko kwenye sauti hawaendi. Tuhamie."

"Video yangu ya nini? Mimi nasema, sichezi filamu."

"Basi tutaweka picha moja tu, itulie mwanzo mpaka mwisho. Wewe useme nyuma yake."

Uso wake aliukatalia katakata. Kwa hiyo mpwa akapiga picha ya kochi jekundu lililokuwa limemalizika asubuhi ile, limeegemezwa ukutani likimsubiri mwenyewe. Kipindi wakakiita Ndani ya Kochi. Na kweli watu wakaja. Fundi akafungua maoni.

"Hilo kochi bei gani?"

"Mnaleta mpaka mlangoni?"

"Lipo la kijivu?"

Akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja: Hili si la kuuza, ni la mtu. Tafadhali sikilizeni. Hawakusikiliza. Mmoja akamwandikia kwamba kama haliuzwi asiwapotezee watu bando.

Mpwa akamfundisha kusoma mchoro unaoonyesha watu wanavyoondoka kipindi kikiendelea. Mstari ulianza juu, ukaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Lakini haukugusa chini kabisa. Ulibaki mwembamba, umenyooka, mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Mtu mmoja, mjomba. Huyu anakusikiliza mpaka unapoaga."

Wiki iliyofuata mstari ule ulikuwepo tena, na wiki ya baadaye. Fundi akaanza kunyoa ndevu kabla ya kurekodi. Akaacha kuguna na kusema "wapi tena ile nyundo". Alimfikiria mtu huyo kuwa fundi mwenzake aliyestaafu, au mjane mwenye kochi la zamani asiyetaka kulitupa. Alianza hata kumsemesha. "Wewe uliyebaki," alikuwa akisema kipindi kikishapita nusu, "sasa tumebaki wenyewe, nikuambie jambo la springi."

Kisha yakaja maoni marefu kutoka kwa mtu aliyejiita Mlinzi wa Lango la Nyuma.

"Shikamoo fundi. Mimi ni mama, nalinda ghala zamu ya usiku. Asubuhi nikirudi, jengo letu ni watoto na redio na watu wanabomoa kuta. Usingizi hauji. Nikiweka kipindi chako nalala kabla hujamaliza kung'oa misumari. Sijawahi kufika katikati hata siku moja. Ila kuna tangazo la sabuni linaingia kwa kelele, nashtuka nadhani ni kengele ya ghala. Ukiweza liondoe. Ubarikiwe sana."

Fundi aliyasoma akiwa amekaa juu ya sanduku la vifaa. Akayasoma tena. Aliyekuwa akifika mwisho kumbe ni simu, imewekwa kando ya mto, mwenyewe anakoroma. Mambo yote aliyomwambia yule aliyebaki, ya springi na mengine yasiyokuwa ya springi, yalikuwa yameingia masikioni mwa mtu aliyelala.

Akaandika: "Marahaba. Tangazo ni la wenye mtandao, si langu. Pole na kazi." Akafunga karakana mapema.

Jioni mkewe alipopiga simu, akamweleza. Alitarajia pole. Mke alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Mzee wangu, sasa hapo umeshangaa nini? Hata mimi nilikuwa nikilala."

"Ukilala lini?"

"Mchana. Pale kwenye mkeka, mlango wa kati uko wazi, wewe unaeleza mbao zako. Unadhani nilikuwa nasikiliza?"

"Ulikuwa unaitikia."

"Nilikuwa naitikia usingizini. Mtu huzoea."

Fundi hakujua acheke au anune. Akauliza, "Na huko unalalaje?"

 Nyuma ya mke mtoto mmoja alikuwa akimshitaki mwenzake. "Huku silali sana," alisema. "Najilaza tu."

Basi akamtumia kipindi. Alichagua kirefu, cha viti vya ukumbini, ambacho yeye mwenyewe alikiona kizito, na usiku ule akalala ameridhika kama mtu aliyetuma dawa.

Kesho yake mke hakupiga. Alipiga keshokutwa yake, sauti ya chini.

"Nilikisikiliza."

"Ukalala?"

"Sikulala. Friji letu linanguruma nyuma ya sauti yako, ulikuwa unajua? Nimelisikia mwanzo mpaka mwisho. Halafu mlango wa uani ukajibamiza, wewe ukanyamaza, halafu ukasema 'upepo tu'." Akauliza: "Ulikuwa unamwambia nani?"

Fundi hakukumbuka kusema hivyo.

"Nimekaa macho mpaka watoto wameamka," mke alisema. "Usinitumie tena, mzee. Sikukasirikii. Usinitumie tu."

Baada ya hapo hakurekodi. Mpwa aliuliza, akajibu kwamba kifua kinambana. Makochi aliyafunga na kuyafungua kimya, na kazi ikawa inachukua muda mrefu kuliko kawaida. Mwisho akafunga karakana, akabandika karatasi mlangoni kwamba amesafiri, akapanda basi.

Pacha walimpokea kwa mashaka. Mama yao alikuwa akiwawekea sauti ya fundi wakati wa kula, ili watulie, na wao wakiangalia picha ya lile kochi jekundu.

"Msalimieni babu," binti aliwaambia.

"Siyo babu," alisema mmoja. "Babu ni kochi."

"Babu mwekundu," mwenzake akamsaidia.

Binti aliona aibu, fundi akacheka, kicheko cha kweli. Akawaambia, kwa sauti ile ile ya kipindini, kwamba leo tunafungua kochi la mzee mmoja. Watoto wakaacha kutafuna. Walimtazama usoni, kisha wakaitazama simu ya mama yao iliyokuwa mezani imezimwa, na yule wa kwanza akaenda akajificha nyuma ya bibi yake.

Siku ya kuondoka, mke alikuwa jikoni anaosha vyombo, fundi anafuta.

"Rudi," alisema fundi. Hakuwa amepanga kulisema.

"Hawa nimwachie nani?"

"Najua."

"Wewe ungehamia huku."

"Vile viti vya watu? Mashine? Wateja wangu wote wako kule, huku nani ananijua?"

"Najua," mke naye akasema. Akamkabidhi sahani nyingine. Alikuwa amepungua mabega, na chini ya macho pamevimba. Fundi alitaka kumshika mkono, lakini ulikuwa na povu, na binti akaingia kuchukua maji.

Akarudi. Alirekodi wiki ile ile, mlango wa kati akaufunga na friji akalichomoa mpaka amalize. Hakumsemesha tena yeyote aliyebaki. Alisema pole pole, bila kupandisha sauti penye kichekesho, maana sasa alijua anawafanyia nini watu. Wengine wachache wakajitokeza: muuguzi, mtu mwenye mgongo mbovu, mwanafunzi mwenye wasiwasi wa mitihani. Walimshukuru kwa kipindi wasichokijua kinahusu nini; simu zao walizitegesha zizime zenyewe baada ya dakika kumi. Waulizaji wa bei nao waliendelea kuuliza bei.

Mlinzi aliandika mara moja zaidi. "Fundi, nimehamishiwa zamu ya mchana. Sasa nalala usiku kama watu. Nakushukuru kwa yote, Mungu akuweke."

Kipindi kilichofuata mstari ulianguka mapema, ukagusa chini kabisa.  Fundi akamwandikia mlinzi kwamba amefurahi, afya ni usingizi, awasalimie wa nyumbani kwake. Halafu akamwambia mkewe walipoongea jioni.

"Basi utaacha?" mke aliuliza.

"Nikiacha nitafanyaje?"

 Mke akamweleza kwamba pacha mmoja ana mafua, na kwamba mvua huko imekataa. Fundi akamweleza kuhusu kochi la ofisi ya daktari wa meno, lililokwanguliwa kwa kucha kwenye mikono yote miwili. Alieleza kwa urefu. Alipofika kwenye mbao alisita, akasikiliza kama mke anaitikia.

"Nipo," mke alisema. "Nakusikiliza. Endelea."