Barafu Anagonga

Barafu ndilo jina alilobandikwa na wenzake, na hakuna aliyebisha, maana ujana na utu uzima wake viliishia ndani ya chumba cha baridi cha ghala la nyama. Kule kuna sheria moja: aliye ndani agonge mlango mara kwa mara, walio nje wajue yu hai. Mwenzake mmoja aliwahi kunyamaza, wakadhani anachapa kazi. Alitolewa amebebwa. Tangu hapo Barafu hugonga hata akiwa bafuni kwake, na mkewe hucheka mpaka basi.

Sasa vidole vimevimba, magoti yamekaza, na mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Mtu mzima na heshima zake! Daktari alisema ni baridi yabisi, na kwamba pamoja na vidonge, ataingizwa mwili mzima kwenye chumba cha baridi kali kwa dakika chache. Barafu akahoji. Baridi imemla viungo, halafu ndiyo dawa? Daktari akaeleza kuwa ghala halina kosa, ni kinga ya mwili wake iliyogeuka kushambulia viungo. Wala baridi hii haiponyi, inatuliza tu maumivu na uvimbe kwa muda ili aweze kufanya mazoezi. Barafu akaitikia kwa kichwa, lakini wapi, hakuambulia kitu.

Muuguzi alimvisha glavu, soksi nene na barakoa, huku akimpa maelekezo ambayo bingwa wa baridi hakujisumbua kuyasikiliza. Akaingia kifua mbele. Punde akagonga. Muuguzi akafungua mbio, akamtoa, akamfunika blanketi. Mbona mapema hivi? Mara ya pili vilevile, na ya tatu. Barafu akajiambia labda dawa hii hutolewa kidogokidogo. Kumbe daktari ameshaamua: akishindwa tena, nafasi atapewa mgonjwa mwingine.

Alipoambiwa hivyo, nyumbani alifoka. Anashindwaje, na wao ndio wanaomtoa? Aliogopa pia, ingawa hakusema, kwamba atafungwa vifungo mpaka kufa. Mkewe akasema kesho wanakwenda wote wawili.

Kesho yake Barafu akaingia, akagonga kama kawaida. Mlango haukufunguliwa. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Wamemsahau? Kwenye kioo kidogo cha mlangoni akamwona mkewe amemshika muuguzi mkono, anamweleza jambo. Kisha mkewe akainua ngumi, akagonga kutoka nje.

Miaka yote ile ghalani, hakuna aliyewahi kumjibu.

Alipotoka, muda umetimia, muuguzi akamuuliza, "Baba, sisi tulidhani umezidiwa, unaomba kutoka. Kumbe ulikuwa unagonga nini siku zote?"

"Nawaambia nipo, binti."

Baada ya mazoezi alifunga kifungo kimoja cha shati kwa mkono wake. Vilivyobaki akamwachia mkewe. Baridi inatulizaje viungo, mpaka leo hajaelewa, na ameacha kuuliza. Anaingia, anagonga, anasubiri ajibiwe.