Kipa Tuliyemnunua Akalala Kwangu

Mwaka timu yetu ilipopanda daraja, Wang'uru nzima, mji wetu wa mpunga huku Mwea, ilishikwa na homa ya kununua wachezaji. Watu ambao hawajawahi kulipa kiingilio walisimama mkutanoni wakasema timu ikipanda bila kununua, inarudi chini kabla jezi hazijachuja. Mwenyekiti wetu, ambaye pia ni tajiri wangu kwenye kinu cha mchele, alitangaza kwamba kila mkulima atoe alicho nacho. Pesa zilikuja kidogo. Mchele ulikuja hadi tukakosa pa kuuweka.

Ndivyo tulivyomsajili straika kutoka Nairobi kwa pesa kiasi na magunia sita ya mchele wa pishori. Alifunga bao moja katika mechi nne, akalalamika kwamba mbu wa Mwea hawamwachi alale, akaenda zake. Magunia alikuwa ameshayauza, tena kwa bei ya kutupa, na aliyeyanunua ni mwenyekiti mwenyewe bila kujua. Mimi ndiye niliyeyapokea mlangoni pa kinu na kuyatambua kwa kamba za buluu tulizoyafungia. Sikusema kitu. Nilicheka peke yangu siku mbili.

Kicheko kiliisha kamati ilipokaa tena. Tulikuwa tumefungwa mechi zote nne, timu mbili za mkiani zingeshushwa, na dirisha la usajili lilikuwa bado wazi. Wakaamua shida iko langoni. Langoni nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na lango lile nilikuwa nimelilinda miaka kumi na mmoja. Nilipanda nalo daraja. Jambo la kuniudhi zaidi ni kwamba walinituma mimi mwenyewe nikamtazame huyo kipa mpya, kijana wa Nyeri mjini, kwa sababu kwenye kamati hakuna aliyejua kipa mzuri anafananaje. Nikaenda Jumamosi mbili. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi, mashuti makali anayadaka kama mtu anayeokota mayai. Lakini kona ikipigwa, alibaki amegandama kwenye mstari wake, akingoja mpira umfuate. Hatoki. Kipa yeyote angeliona hilo.

Mwenyekiti aliponiuliza, nilisema, "Ni mzuri." Habari ya kona nikaikalia. Nilijiambia, ipo siku itamwangusha, na siku hiyo watanikumbuka.

Klabu yake ya zamani haikutusumbua. Kazi ilikuwa kwa nyanyake, aliyemlea huko mtaa wa Majengo, Nyeri, tangu akiwa mdogo. Mwenyekiti, kwa kuwa hakujua mchezaji huombwaje kwa nyanya, aliamua twende kama watu wa posa: wazee wanne wenye makoti, kreti mbili za soda, sukari, magunia mawili ya mchele, na mimi. Mama yule wa Kiislamu alitupokea kwa chai na mandazi, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Mchele nimeshukuru," alisema. "Sasa mjukuu wangu atalala wapi?"

"Tutamkodishia nyumba, nyanya," mwenyekiti akasema. "Iko na maji, iko na stima."

"Nyumba ya peke yake sitaki. Kipa wenu wa sasa ni nani?"

Makoti yote manne yakanigeukia. "Ni mimi, nyanya."

"Una mke?"

"Niko naye."

"Basi atakaa kwako."

Mwenyekiti alikohoa. "Nyanya, labda hiyo itakuwa ngumu kidogo..."

"Ngumu kwa nani? Nyinyi mtamtazama Jumamosi tu, halafu mrudi kwa mambo yenu. Huyu atamtazama kila siku, apende asipende. Mimi nataka mtu wa kumtazama."

Nilitaka kusema sina nafasi. Lakini wote walikuwa wakinikodolea macho, na sikutaka ionekane nina wivu, hasa kwa vile nilikuwa nao. Nikasema chumba kipo.

Mke wangu aliposikia, alicheka hadi akakalia ndoo. "Ati umemleta nani? Yule amekutoa kazi?" Tulihamisha baiskeli na magunia kutoka chumba cha nyuma, tukaweka kitanda. Kijana alikuwa na adabu. Mimi aliniita mkubwa. Mke wangu aliitwa mathe, yaani mama, na kwa kuwa hajafika miaka thelathini na mitano, alinuna wiki nzima. Baadaye akaanza kumwekea chapati za ziada.

Ramadhani ilipoingia tulikuwa tumemzoea. Mke wangu, mwimbaji wa kwaya kanisani, alijifunza saa ya magharibi na uji ulikuwa tayari kila siku kabla ya wakati. Mimi nikirudi kutoka kinuni na njaa yangu, nilijikuta nangoja. Ilikuwa vibaya tu kutafuna mbele yake.

Hata hivyo sitajisafisha. Jumamosi nikiwa benchi nilikuwa naomba mpira umponyoke. Jioni nampakia kwenye baiskeli tunarudi nyumbani tukibishana kama maharagwe yatakuwa yameiva. Sijui nilivyoweza kufanya yote mawili kwa moyo mmoja, lakini niliweza, kwa miezi. Alituokoa mara nyingi. Bila yeye tungeshuka kabla ya mpunga kuvunwa. Na kila tulipofungwa kwa kona, alirudi nyumbani akauliza, "Mkubwa, pale nilikosea wapi?" Nami nikasema mabeki walilala. Kumfundisha ni kazi ya kocha, nilijiambia. Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mechi ya mwisho ilikuwa Nyeri. Tukitoka sare tunabaki, tukifungwa tunashuka. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kule kwao, na nyanya alikaa kando ya uwanja kwenye kiti cha plastiki, amejifunika shuka juu ya buibui. Muda mfupi kabla ya mapumziko wenyeji walipata kona. Mpira ulielea mbele ya lango, polepole kabisa, kijana akabaki kwenye mstari, na mtu wao akaupiga kichwa akiwa hatua tatu tu kutoka kwake. Moja bila.

Wakati wa mapumziko kocha alinijia na kunishika bega. "Vaa glavu. Unaingia."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu dirisha la usajili. Nilimtazama kijana. Alikuwa amechuchumaa peke yake, ameinamisha kichwa, hataki kuangalia upande wa nyanyake. Sikusikia furaha niliyokuwa nimejiahidi. Nilisikia aibu, aibu kubwa, kwa sababu lile bao lilikuwa la kwake na la kwangu.

"Mwache," nikamwambia kocha. "Hata mimi ningefungwa." Ulikuwa uongo. Mpira ule ningeutoa.

Nikaenda nikachuchumaa naye. "Sikiza. Kona ikipigwa, usiangalie watu. Angalia mpira. Ukiona unashuka ndani ya boksi yako ndogo, piga kelele uende. Usingoje kwa laini. Hata ukikosa, wewe enda."

Aliinua kichwa. "Umejua hii kitu tangu lini?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. "Tangu siku ya kwanza nilikuona. Kabla ununuliwe."

Alivaa glavu zake akarudi uwanjani.

Kona ya kwanza alitoka, akaukosa mpira kabisa, beki wetu akauondoa mstarini kwa goti. Mwenyekiti alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Kona ya pili alitoka akaupiga ngumi ukafika mbali, na kutoka hapo hapo mmoja wa vijana wetu, mpanda mpunga wa hapa hapa asiyenunuliwa na mtu, alikimbia nao hadi upande wa pili akasawazisha. Dakika ya mwisho wakapata kona nyingine. Nilisikia sauti ya kijana kabla sijamwona: "Kipaaa!" Akapaa katikati ya watu akaudaka kwa mikono miwili, akaanguka nao kifuani, na refa akapuliza. Tulibaki kwenye ligi. Wazee wenye makoti walikumbatiana kwenye matope, na mimi nililia bila kujificha.

Kijana alilala kwa nyanyake siku hiyo. Hakuniaga. Tulirudi Mwea watu wakiimba njia nzima, nami nilijua sina haki ya kumdai hata salamu. Jumapili kitanda cha chumba cha nyuma kilikaa kitupu. Mke wangu nilimwambia yote, naye akaenda akakitandika upya.

Jumatatu nilipotoka kinuni nikamkuta mke wangu mlangoni. "Amekuja saa nane," alisema. "Ameweka begi, akakula, akaenda kwa field na mipira yote. Amesema ukuje na viatu."

Nilikwenda mbio, na unga wa pumba bado kwenye nywele. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa lango, glavu mkononi, mipira minane ameipanga kwenye pembe ya uwanja. Nilisimama karibu nayo nikaanza kusema niliyokuwa nimeyapanga tangu Nyeri, kwamba nilimkosea, kwamba...

"Piga kwanza, mkubwa," alipaza sauti kutoka langoni. "Ya juu."

Nikapiga. Akatoka.