Mgeni Aliyeleta Dawa

Mama alipata kiharusi akiwa anaanua dagaa uani kwetu Mabatini. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda. Alikuwa ameanza kusahau tangu mwaka uliotangulia. Mara ampe chumvi mgeni aliyeomba sukari, mara aulize habari za marehemu bibi. Baada ya kiharusi, usahaulifu ukamzidi. Sisi watoto alituchanganya. Baba akawa hamtambui kabisa kuwa ni mumewe.

Baba alikuwa karani wa ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia, akapunguzwa kazini, akawa nyumbani mchana kutwa. Ndiyo maana kumtunza mama kukawa kazi yake.

Daktari alituandikia dawa ya presha na aspirini ya kuzuia damu isigande. Akatuambia, "Kiharusi kikishapita mara moja kinaijua njia. Msiache dawa hata akionekana mzima."

Miaka ile maduka binafsi ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa, na vidonge havikuwa adimu tena kama zamani. Shida ilikuwa kumpa mama. Baba akimkaribia na kidonge, anafumba mdomo. "Mimi ni mke wa mtu," anasema. "Sili vya mwanamume nisiyemjua."

Shangazi alikuja kutoka Magu kutusaidia. Akasaga kidonge, akakikoroga kwenye uji bila kumwambia mtu. Mama alionja uchungu, akatema, na tangu hapo akawa anausukuma kila uji unaoletwa. Akakonda tukimwona.

"Wifi yangu huyu," shangazi akamwambia baba, "hata jina lake halijui. Dawa ya nini? Mwache apumzike."

Baba akajibu, "Akili imeondoka na mengi, dada. Bado anacheka. Anatembea mwenyewe mpaka mlangoni. Kiharusi kikirudi, hivyo navyo vitakwenda."

Jioni moja nilimwona baba amevaa shati lake la kwenda kanisani. Akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba, akasimama mlango wa mbele.

"Hodi hapa!"

Mama akajiweka sawa kitini, akafunga kanga yake vizuri. "Karibu, baba. Pita ndani." Alikuwa amelelewa Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, na kwao mgeni haulizwi shida yake kabla hajaketi. "Umevuka salama? Ziwa limetulia?"

"Limetulia, mama. Nimekuletea ndizi. Na hii ni dawa yako, daktari amenituma nikufikishie."

Mama akaitazama dawa, akaitazama sura ya mgeni. Zawadi ya mtu aliyevuka ziwa haikataliwi. Akaimeza kwa maji, akala ndizi, akashukuru kwa mikono miwili, ule mzima ukiuinua ule uliolegea.

Basi baba akawa mgeni wa kila jioni. Siku mama alipokataa, hakumlazimisha. Aliaga kwa heshima, akarudi baadaye kidogo akipiga hodi upya. Nikikumbuka nyumba yetu ya wakati ule, nasikia zile hodi, na harufu ya samaki wa kukaanga ikitoka kwa jirani, na mama akicheka na mwanamume aliyezaa naye watoto wanne kama ndiyo kwanza wanajuana.

Siku moja akamuuliza, "Wewe baba, una mke?"

"Ninaye."

"Ana bahati. Msalimie."

"Salamu zimefika," baba akasema, akageuka kutazama dirishani.

Baadaye mama alianza kupata choo cheusi. Daktari akasema aspirini inaumiza tumbo, sasa madhara yake yanazidi faida. Akaisimamisha, akabakiza ya presha tu. Na alipoanza kupaliwa hata na maji, nayo ikaachwa. Niliogopa baba angeona tumekata tamaa. Aliuliza jambo moja tu: "Ndizi je, anaweza?"

"Iliyopondwa, kidogo kidogo," daktari akajibu.

Mama alifariki msimu wa mvua kwa homa ya mapafu, akiwa kitandani kwake. Kiharusi cha pili hakikuja. Msibani watu walimpa baba pole kwa miaka aliyouguza. Akawaambia hakuuguza. Alikuwa akitembelea watu.