Pasi ya Mama Mkubwa

Nakunja ngazi ya shaba ya kilori cha mfano, na harufu yake vidoleni inanirudisha utotoni, mtaa wa Soweto, jikoni kwa mama mkubwa. Nilikuwa natengeneza lori la kuchezea kwa kopo la mafuta. Koleo la kaka lilitafuna bati, basi nikalibana chini ya pasi ya mkaa iliyopoa, nikalikunja kwa ubapa wa kisu. Mkunjo ukanyooka kama rula.

"We binti, pasi ni ya nguo!"

"Nguo nimemaliza, mama. Sasa ni zamu ya lori."

Akalitupa uani. Nikaliokota, nikalifuta vumbi, nikarudi kwenye pasi huku ananitazama.

Juzi muuza vifaa kasema kazi hii haiwezekani bila kibano chake maalumu. Nikamwachia kibano chake mezani. Pasi ninayo, ileile.