Mafundo ya Mara Moja Moja

Enzi zetu huku Mlali, nyama tulikula kwa nadra. Neno hilo, nadra, lililetwa na watu wa pwani, bibi hakulipenda. Yeye alisema "mara moja moja", na alitufundisha kwamba wazee walilitoa kwenye mvua za vuli: leo imeshuka mlimani, halafu inakaa hata umeisahau. Wageni na togwa tamu vilikuja mara moja moja. Fimbo ndiyo ilikuwa mara kwa mara. Watoto wa siku hizi ukiwatuma kisimani mara mbili, wanalia kwamba ni kila siku!

Aliyetuharibia neno letu ni Akida Hatibu. Namtaja, simwogopi. Alikuja na askari wa Mjerumani, akamwambia baba: "Utakwenda kwenye pamba ya serikali mara moja moja tu, kwa zamu." Baba akaenda, akarudi mgongo umechanika. Kabla haujapona, wakamjia tena.

Mama alikuwa na kamba ya mgomba, ile ya kuhesabia siku za gulio. Kila mara baba alipochukuliwa, mama alifunga fundo.

Mjerumani alipopita kusikiliza mashauri, baba alikuwa anakohoa damu. Safari moja zaidi ingemmaliza. Mama akaitandaza kamba mbele yake yeye na Akida.

Akida akacheka. "Bwana mkubwa, mwanamke huyu mshamba. Mumewe huitwa mara moja moja."

"Basi hesabu wewe msomi," mama akamjibu. "Tangu kupanda hata kuvuna."

Akida akaanza kwa sauti kubwa. Kwenye fundo la kumi na tisa akaiachia kamba.

Mjerumani hakutuhurumia, mtu asikudanganye. Yeye kwenye pamba yake alimwona baba mara mbili tu, akataka kujua siku nyingine kamlimia nani. Sote tulijua: alikuwa kwenye mihogo ya Akida, na kwa hofu tulinyamaza. Siku ile mama alisema. Baba akaachwa. Tulirudi nyumbani, nami nikalala mpaka jua likanichoma.

Sasa mwanangu anapakia mizigo stesheni ya Kingolwira. Ananiambia, "Mama, nitakuja mara moja moja." Moyo unaniuma, maana sisi hatukuwaacha wazazi hivyo. Halafu napumua. Akichelewa, ni uvivu wake mwenyewe, hakuna aliyemshika. Fundo sifungi.