Kaburi la Mtoto wa Mercy Tolliver

Habari ikitoka Nyamira hadi Nyaramba hunenepa njiani kama ndama wa msimu wa mvua. Celestine Nyangate, aliyeolewa Nyaramba, alipata kazi ya kuandika barua za zamani kwenye kompyuta, basi. Lakini habari ilipofika sokoni, barua zilikuwa za wafu. Ilipofika kanisani, wafu hao walikuwa marais. Na kinywani mwa mama mkwe wake, Damaris, wafu wenyewe walikuwa wanafufuka kila Ijumaa kuja kumshukuru mkaza mwanawe, na mmoja alikuwa ameomba kupikiwa mboga ya chinsaga.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hapo. Haron Mokua alikodi chumba juu ya duka la mbolea mjini Nyamira, akaweka kompyuta, akaajiri wanawake waliomaliza shule. Kutoka Amerika zikaletwa picha za barua za ukoo wa Tolliver, watu wakubwa wa enzi ile nchi yao ilipokuwa bado mbichi kama ndizi ya jana. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeliwa na panya, zimelowa, zimechakaa. Watunzaji wa huko walizipiga picha ukurasa kwa ukurasa, ili hata zikigeuka vumbi, maneno yabaki. Kazi ya akina Celestine ilikuwa kuyasoma na kuyaandika upya.

Wala si kazi ya mchezo. Mwandiko wa watu wale ulijikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Haron alikuwa na amri moja, akiirudia kila asubuhi kama sala: "Neno usiloliona, usilibuni. Weka mabano, andika halisomeki, songa mbele."

Celestine aliishika amri hiyo vizuri sana, mpaka akakutana na Mercy.

Mercy Tolliver, jina ungedhani ni mtu wa Keroka hapo jirani, alikuwa mke wa mmoja wa wakubwa wale. Mume alikuwa mikutanoni daima, akiitengeneza nchi. Mke alibaki na ng'ombe, na homa za watoto, na paa linalovuja, akimwandikia mume barua za kumuuliza atarudi lini. Celestine alimwelewa kabisa. Mume wake mwenyewe, Ogeto, alikuwa dereva wa lori, na swali lake lilikuwa hilohilo, ila yeye aliliuliza kwa simu.

Siku moja ikaja barua ya msiba. Mercy alikuwa amefiwa na mtoto mchanga. Aliandika, "Tumemzika mwanetu," na hapo doa kubwa la maji likameza yote yaliyofuata hadi mwisho wa ukurasa.

Celestine akaliangalia doa lile. Wenzake wakaenda kunywa chai wakarudi, yeye bado analiangalia.

Naye alikuwa amezaa, akamwita mtoto Okemwa, na kifua kikamchukua kabla hajaota jino. Walimzika kando ya nyumba, upande wa kushoto, kwenye ukingo wa migomba. Damaris alimwambia siku ileile: "Mtoto asiye na meno haliliwi matanga. Usiende pale, na jina lake liache lipumzike, lisije likakufunga tumbo." Wanawake waliokuwa wakimwita Mama Okemwa wakarudi kumwita Celestine, na yeye akajiona kama mtu aliyevuliwa nguo njiani, na wote wanampita wakijifanya hawakuona.

Basi vidole vikaandika vyenyewe. Vikaandika kwa Kiingereza kizuri cha kizamani, maana alikuwa ameshakizoea: kwamba mtoto amelala kando ya nyumba, upande wa kushoto, karibu na zizi, ili asikie ng'ombe wakikamwa, asidhani tumemwacha peke yake. Hakuweka mabano. Na mtoto azikwe wapi tena, kama si nyumbani? Kwa Mgusii huko si kubuni. Akabonyeza, ukurasa ukaenda zake Amerika.

Mvua zikaja zikapita. Asubuhi moja Haron akaingia akicheka mpaka magego.

"Celestine! Umetutoa kimasomaso, dada yangu!"

Kumbe kulikuwa na bibi kizee mmoja, Harriet, wa uzao wa Mercy, ambaye tangu usichana wake alikuwa akilitafuta kaburi la mtoto yule. Makaburi ya kanisa yote ameyapekua, hakuna. Sasa barua imemjibu. Ameenda kwenye nyumba ya zamani, upande wa kushoto, na jiwe limeshachongwa. Jumapili ijayo ukoo mzima utakusanyika kulisimika.

"Na unajua wamechonga nini? Maneno yale ya ng'ombe kukamwa! Ijumaa anataka kukuona kwa video akushukuru."

Uso wa Celestine ukawaka kama wa mtu aliyechunguliwa akioga. "Haron," akasema, "yale maneno hayakuwa kwenye karatasi."

"Yalikuwa wapi?"

"Kwangu."

Haron akafunga mlango kwa mgongo. Akanong'ona, "Sikiliza. Bibi amefurahi. Jiwe nalo limefurahi. Wewe ni nani umkasirishe jiwe? Wakijua, kazi yote wataichukua, na hawa wenzako warudi kuchuma majani chai na vyeti vyao mfukoni. Ijumaa utasema asante, utatabasamu. Hilo tu."

Celestine akaitikia kwa kichwa. Siku zote zilizofuata alikula hashibi. Akifumba macho, aliona watu waliovaa vizuri wamelizunguka jiwe, wanalia juu ya udongo mtupu.

Ijumaa ikafika, na Damaris naye akafika, bila kualikwa, amevaa kitambaa chake cha Sabato, na mkungu wa ndizi begani.

"Mama, hizo ndizi za nini?"

"Nimwoneshe huyo bibi. Asidhani unatoka kwa watu wasiolima."

Sura ya Harriet ikatokea kwenye kompyuta, nyeupe, imekunjamana, imependeza. Akaanza kushukuru kwa Kiingereza. Damaris, ambaye Kiingereza kwake ni kelele za ndege, akapunga mkono na kuinua mkungu mbele ya kioo. Haron akatabasamu upande wa pili kama mshenga.

Celestine akafungua kinywa aseme asante. Kikatoka kingine.

"Bibi, usisimike jiwe," akasema kwa Kiingereza. "Hapo hakuna mtoto. Maneno niliyaweka mimi. Karatasi ilikuwa imelowa."

Tabasamu la Haron likaanguka. Damaris bado anapunga mkono.

Bibi akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akauliza, "Basi huyo aliyelala karibu na ng'ombe ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu. Anaitwa Okemwa."

Harriet akavua miwani. "Viti vimeshapangwa," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Picha ikakatika.

"Bibi amelia kwa furaha, eeh?" Damaris akauliza. "Ndizi ameziona? Amesema nini?"

Haron akamtazama Celestine. "Mwambie mwenyewe," akasema, akatoka.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kiingereza ni koti la kuazima. Ukianguka nalo matopeni, linalochafuka ni koti. Lugha ya nyumbani ni ngozi. Celestine alianza kwa Ekegusii, akakwama, akaanza tena, macho sakafuni. Alisema yote: doa, vidole, jiwe, na Okemwa. Jina hilo alilitaja mbele ya mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Damaris akakaa chini na mkungu wake mapajani.

"Nimekutangaza kanisani," akasema polepole. "Kesho Sabato, niingilie mlango gani?" Kisha akamgeukia: "Maneno hayo ukampa mzungu aliyekufa, mimi niko hapo jikoni?"

"Ulisema tusimtaje, mama."

Damaris akainuka, akauweka mkungu begani. Walirudi nyumbani na ndizi zao.

Watunzaji walipopata habari hawakuwanyima akina Haron kazi. Walifanya jambo dogo tu: kila ukurasa wa Celestine usomwe upya na mwingine. Akapewa Persis, msichana ambaye Celestine mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Na Persis hakuwa na ulimi wa kunong'ona. "Mama, hili neno 'ndama' uliliona," aliuliza chumba kizima kikisikia, "au nalo limetoka Nyaramba?" Wakacheka. Celestine alikuwa akijibu, "Nililiona," masikio yakimchoma, na barua ya Mercy alipewa aisahihishe kwa mkono wake. Akafuta maneno ya ng'ombe. Akaweka mabano.

Lakini kabla ya hayo, Jumapili ileile ambayo jiwe halikusimikwa, Damaris alichukua panga, akaenda upande wa kushoto wa nyumba. Celestine akamwona kupitia dirishani akifyeka majani. Akatoka, akasimama mbali.

"Mama Okemwa," Damaris aliita bila kuinua kichwa, "umesimama hapo kama mgeni. Lete jembe."

Akaleta. Lakini majani yalipokwisha, walijikuta wanatazamana. Migomba ilikuwa imezaana na kutembea, ukingo wa zamani haupo. Damaris akaonesha kwa panga: hapa. Kisha akasita: au pale, karibu na zizi. Celestine, aliyemwonesha bibi wa Amerika kaburi ng'ambo ya bahari, hakuweza kuonesha la mwanawe hatua chache kutoka jikoni kwake. Aibu ya Persis, iliyokuja baadaye, ilikuwa ya masikio. Hii ilimfanya achuchumae palepale.

"Sijui, mama," akasema. "Siwezi kusema uongo tena. Sijui."

Damaris aling'oa mgomba wa kwanza mwenyewe. Wakang'oa yote, wakalima upande mzima, kutoka ukutani hadi zizini, taratibu, wasije wakampiga jembe. Hawakupanda kitu. Huko ambako watu hupanda chai hadi mlangoni, kipande kitupu cha namna hiyo hakinyamazi, na kila jirani anayepita husimama kuuliza kimeachiwa nani. Celestine hujibu jina, huku akitazama chini.