Jina la Kuandikwa Ubavuni

Baba na mama waliondoka Sori kwa mashua moja ya tanga kwenda maonyesho ya mashua Homa Bay, nami nikiwa katikati yao, lakini mama alirudi kwa barabara. Nilikumbuka hayo juzi, nilipopita karibu na fundi aliyekuwa akipaka mashua na kunusa rangi mbichi.

Njiani walitaniana. "Baba Achieng', leo utatufikisha Uganda," mama alisema tanga lilipolegea, na baba akacheka.

Kwenye maonyesho baba alichagua mashua mpya ya samawati. Kwetu mashua hupewa jina la mwanamke, kwa hiyo mchoraji akauliza aandike nani. Baba akataja jina la mama yake.

"Huyo ndiye ameanika dagaa wa omena na wewe miaka hii yote?" mama aliuliza.

"Mama Achieng', watu wanasikia."

"Wasikie."

Alinishika mkono tukaenda stendi. Nilidhani anaogopa mawimbi, nikamwambia ziwa limetulia.

Mashua ililetwa baadaye, ubavu wake ukiwa samawati tupu. Imezeeka bila jina, na hadi leo sijui ni nani kati yao aliyemzuia mchoraji.